Tembe za Kifafa na Njia za Kupanga Uzazi: Mambo Ambayo Kila Mama Anafaa Kuuliza

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la wazi. Yamechapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mazungumzo ya leo yanahusu dawa mbili ambazo mwanamke mmoja anaweza kuwa nazo katika mkoba mmoja. Ya kwanza ni tembe ya kifafa. Ya pili ni dawa ya kupanga uzazi. Kila moja ni nzuri kwa kazi yake, na kila moja hutolewa kituoni na mtu aliyeisomea. Lakini zikikutana mwilini, kuna wakati moja huimaliza nyingine nguvu, na mwenye mkoba hajui lolote mpaka mwezi ambao hedhi haikuja.

Chukua mfano wa mama wa watoto watatu ambaye amekuwa akimeza fenobabitali kila usiku tangu akiwa darasa la sita. Ni miaka miwili sasa hajaanguka. Jumanne moja kwa mwezi huenda hospitali ya kaunti ndogo kuchukua tembe zake za kifafa. Siku nyingine kabisa, katika zahanati iliyo karibu na nyumbani, anaingia chumba cha kupanga uzazi. Muuguzi anampima presha. Anamwuliza kama ananyonyesha, kama anavuta sigara, kama huumwa na kichwa. Kisha anamwuliza kama anatumia dawa nyingine, na mama anajibu hapana.

Hakudanganya. Kwake fenobabitali si "dawa nyingine". Ni kitu anachokimeza kila siku, kama vile mtu anavyokunywa chai. Au pengine anajua vizuri kwamba ni dawa, lakini mlango wa chumba uko wazi, na kwenye benchi pale nje ameketi wifi yake ambaye hajawahi kuambiwa kuhusu kifafa. Basi anapewa tembe za kupanga uzazi. Anazimeza bila kuruka hata siku moja. Baada ya miezi minne ana mimba.

Hapo lawama huanza. Mume anasema mke alikuwa akisahau tembe, au alikuwa na nia yake. Wahudumu nao huenda wakafikiri vivyo hivyo. Mwisho mama mwenyewe anaanza kuamini kwamba alisahau, ingawa pakiti tupu ziko kabatini na siku zote zimehesabika. Kumbe alimeza vizuri kabisa. Kilichokosekana ni swali moja lililoulizwa kwa jina: je, mama, unatumia dawa ya kifafa?

Jinsi jambo hili linavyotokea mwilini si vigumu kueleza. Dawa nyingi zinazomezwa hupitia kwenye ini. Huko kuna vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja dawa na homoni ili mwili uzitoe. Mtu anaweza kuvifikiria kama vibarua shambani. Wakiwa watano, kazi huenda kwa kasi fulani, na tembe ya kupanga uzazi iliyomezwa jioni bado ina nguvu mpaka jioni ya kesho. Sasa fenobabitali inapoingia kila siku, ini huongeza vibarua. Wanakuwa kumi au zaidi. Homoni ile ile, kwa kipimo kile kile, inavunjwa na kutolewa kabla ya siku kwisha. Yai linapata nafasi ya kukomaa na kutoka, na mimba inaweza kutunga. Hata mama akiachishwa dawa hiyo na daktari, vibarua hao hawaondoki siku hiyo hiyo. Huchukua muda wa wiki nne hivi kabla ini kurudi katika kasi yake ya kawaida.

Dawa za kifafa zinazofanya hivyo zinajulikana. Fenobabitali ni mojawapo, na ni ya bei nafuu, ndiyo sababu iko katika nyumba nyingi mashambani. Nyingine ni kabamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol, na fenitoini, ambayo wengine huiita Epanutin. Zipo pia okskabazepini, primidoni, na topirameti inapotolewa kwa kipimo kikubwa. Mama asihangaike kukariri majina haya. Achukue pakiti au karatasi ya dawa aje nayo. Muuguzi akiiona kwa macho hatakuwa na la kukisia.

Si dawa zote za kifafa zenye tabia hii. Levetirasetamu, ambayo huuzwa pia kama Keppra, haiharakishi kazi ya ini, na anayeitumia ana uhuru mkubwa wa kuchagua. Valproeti, ambayo wengi huijua kama Epilim, nayo haidhoofishi njia za kupanga uzazi, lakini ina jambo lake zito ambalo litaelezwa mbele.

Lamotrijini iko peke yake, kwa sababu hapa mambo hugeuka. Homoni ya estrojeni iliyo katika tembe za kawaida za kupanga uzazi hupunguza lamotrijini katika damu, wakati mwingine ikafika nusu. Matokeo yake ni kwamba mama haogopi mimba, bali anaanza kuanguka tena baada ya muda mrefu wa utulivu. Halafu katika ile wiki ambayo hamezi tembe zenye homoni, lamotrijini hupanda ghafla, naye huhisi kizunguzungu au kuona vitu viwili viwili. Mwanamke anayetumia lamotrijini asianze wala asiache tembe za kupanga uzazi kabla ya kuongea na anayemtibu kifafa. Njia zisizo na estrojeni, kama sindano au koili, humfaa zaidi.

Sasa kuhusu njia zenyewe, kwa mama anayetumia fenobabitali, kabamazepini au fenitoini.

Tembe za kila siku, ziwe zenye homoni mbili au ile ya homoni moja ambayo hupewa akina mama wanaonyonyesha, si za kutegemewa. Shirika la Afya Duniani limeziweka katika kundi la njia ambazo kwa kawaida hazifai kwa mwanamke huyu, mpaka njia nyingine ziwe hazipatikani au amezikataa. Ikibidi azitumie, daktari ndiye atakayepanga aina na kipimo, na kondomu itumike pamoja nazo. Kuna wanaoshauriana kienyeji kumeza tembe mbili badala ya moja. Hilo lisifanywe bila daktari. Hakuna anayeweza kujua akiwa nyumbani kama mbili zinatosha au zinazidi. Dalili moja ya kuangalia ni damu inayotoka kidogo kidogo katikati ya mwezi wakati mama hajaruka tembe. Inaweza kuwa ishara kwamba homoni imeshuka, ingawa kukosekana kwa damu hiyo si uthibitisho kwamba yuko salama.

Sindano ya miezi mitatu ni habari njema. Kipimo chake ni kikubwa kiasi kwamba vibarua wa ini hawawezi kukimaliza kabla ya tarehe ya kurudi. Inafanya kazi hata kwa anayetumia fenobabitali, na hakuna haja ya kuichoma mapema kuliko wengine. Kinachotakiwa ni kurudi kwa tarehe. Ina mambo mawili ambayo mama aambiwe waziwazi. La kwanza ni kwamba baada ya kuiacha, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, mara nyingi miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine zaidi. La pili ni mifupa. Sindano hii hupunguza uimara wa mifupa kwa kiasi fulani, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo pia. Kwa anayeanguka mara kwa mara, mfupa dhaifu si jambo dogo. Basi anayekaa miaka mingi kwenye sindano aulize kila baada ya muda kama bado inamfaa.

Koili ya shaba haina homoni hata chembe, kwa hiyo hakuna kitu cha ini kuvunja. Ikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa hulinda kwa miaka 10, na ikitolewa uwezo wa kuzaa hurudi mara moja. Kwa mwanamke mwenye kifafa, hii ni miongoni mwa njia zilizo imara kuliko zote, na ni jambo la kusikitisha kwamba inaogopwa hivyo. Yale maneno kwamba koili hupanda mpaka moyoni si ya kweli. Hakuna njia kutoka mfuko wa uzazi hadi moyoni. Ukweli ni kwamba hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu zaidi, hasa miezi ya kwanza, na anayepungukiwa na damu aangaliwe kwanza. Siku ya kuwekewa, mama ameze dawa yake ya kifafa kama kawaida, ale, na amwambie mhudumu kwamba ana kifafa. Maumivu na hofu vinaweza kuleta kuanguka hapo kitandani, na mhudumu anayejua hujitayarisha. Iko pia koili ya homoni, ambayo hufanya kazi yake pale pale ndani ya mfuko wa uzazi na haivurugwi na dawa za kifafa. Haipatikani kila kituo, ila inafaa kuuliziwa.

Vijiti vya mkononi vinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndivyo ambavyo vijana wengi wanavipenda. Kijiti hutoa homoni kidogo kidogo kwa miaka mitatu au mitano. Kidogo kidogo hiyo ndiyo uzuri wake, na kwa anayetumia fenobabitali au kabamazepini ndiyo udhaifu wake, maana ini lililoharakishwa linaweza kuishusha chini ya kiwango cha kulinda. Wakenya wameliona jambo la namna hii katika dawa nyingine. Mwaka wa 2015 kulichapishwa utafiti uliopitia rekodi za maelfu ya wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Waliokuwa na vijiti huku wakitumia efavirenzi, ambayo nayo huongeza kasi ya ini, walipata mimba karibu mara tatu kuliko waliokuwa na vijiti wakitumia nevirapini. Hata hivyo, wengi wao hawakupata mimba. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikatazi kijiti kwa mwenye kifafa. Linasema faida kwa kawaida ni kubwa kuliko hasara, huku Uingereza ikishauri wanawake wa aina hii wachague njia nyingine. Mama aliye na kijiti leo asikimbilie kukitoa kwa wembe wa nyumbani wala asikae kimya. Aende kituoni, aeleze dawa anayotumia, na mpaka apate njia nyingine atumie kondomu pamoja na kijiti.

P2, tembe ya dharura, huguswa pia. Katika Uingereza mwanamke anayetumia dawa hizi za kifafa hushauriwa kutumia kipimo mara mbili, lakini kinga iliyo imara kuliko zote baada ya ajali ni koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku tano. Msichana anayenunua P2 kwenye duka la dawa amwambie muuzaji kuhusu kifafa kabla ya kulipa. Kondomu haiguswi na dawa za kifafa. Kufunga mirija ya uzazi, ya mke au ya mume, haiguswi pia, na kwa waliomaliza kuzaa ni jambo la kuzungumza wawili.

Baada ya kusikia haya yote, yupo atakayejisemea kwamba njia rahisi ni kuacha fenobabitali. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na mazungumzo haya yangekuwa na hasara kama yangemfanya mtu mmoja aende nyumbani akafanye hivyo. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu. Kinaweza kuja mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeanza, na hiyo ni hali inayoua. Wanaoishi hapa wanajua jiko la mawe matatu liko chini, wanajua kisima kiko wapi, wanajua mtoto hubebwa mgongoni mama akipika. Mimba isiyotarajiwa ni mzigo. Mama kuangukia moto akiwa na mtoto mgongoni ni msiba. Kinachobadilishwa ni njia ya kupanga uzazi. Dawa ya kifafa hubadilishwa na daktari peke yake, polepole, kwa sababu zake.

Hapo ndipo valproeti inapoingia. Dawa hii huzuia kifafa vizuri, lakini humdhuru mtoto aliye tumboni kuliko dawa nyingine za kifafa. Katika watoto 10 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, karibu 1 huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, mojawapo ikiwa ni uti wa mgongo kutofunga. Watoto 3 hadi 4 katika 10 huchelewa katika kuongea, kutembea, kukumbuka au kusoma. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, ila pale ambapo dawa nyingine zimeshindwa. Mwanamke aliye kwenye valproeti anahitaji njia imara ya kupanga uzazi, na anahitaji kuongea na daktari mapema, hata kama hana mpango wa mtoto sasa. Wazazi wenye binti wa miaka 12 au 13 anayetumia dawa hii wasingoje aolewe ndipo waulize.

Kuna mambo ambayo hayako kwenye pakiti. Wanawake wengi wenye kifafa waliolewa kwa siri ya kifafa. Mama mzazi alisema, "Usiseme, mwanangu, utarudishwa." Wengine wanapanga uzazi kwa siri ya mume. Aliye na siri zote mbili hujikuta anaficha pakiti moja isionwe na mama mkwe na pakiti nyingine isionwe na mume, na kliniki zenyewe anazitenganisha makusudi ili asikutane na mtu wa nyumbani. Ukimwambia mwanamke huyo "sema kila kitu kwa muuguzi", umemwambia jambo gumu. Wahudumu walijue hilo. Mlango ufungwe. Swali liulizwe kwa sauti ya chini, na kwa jina la ugonjwa, si "dawa nyingine". Anayetoa tembe za kifafa naye amwulize kila mwanamke wa umri wa kuzaa kama anapanga uzazi na kwa njia gani, maana yeye tayari anajua nusu ya habari. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kusaidia sana hapa, mradi neno walilosikia katika nyumba ya kwanza lisifike nyumba ya pili.

Kwa akina baba, kifafa si cha kuambukizwa. Hakiambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kulala kitanda kimoja. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nacho, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Mume anayejua mke wake anatumia nini humkumbusha dawa usiku, na hamlaumu mimba ikitokea.

Anayetaka kupata mtoto naye asiogope. Wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wenye afya na huwanyonyesha. Afike kliniki kabla ya kuacha njia ya kupanga uzazi, ili dawa ya kifafa iangaliwe na aanze kumeza asidi ya foliki. Daktari mara nyingi humwandikia kipimo kikubwa kuliko cha wengine, miligramu 5 kwa siku. Na aliyegundua leo kwamba ni mjamzito tayari, hata akiwa kwenye valproeti, asitupe tembe. Aende kituoni wiki hii hii na pakiti zake zote mkononi.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Mwenye kifafa hajatolewa humo. Akiambiwa kituoni kwamba "watu wa kifafa" wasipange uzazi, au wasizae, ana haki ya kuomba kuonana na msimamizi wa kituo.

Maswali yataulizwa hapa hadharani kwa wanaopenda. Kwa wale ambao maswali yao hayafai mbele za watu, muuguzi amekaa kwenye chumba cha mwisho, upande wa nyuma, na mlango unafungwa. Ukiwa na pakiti ya dawa kwenye mkoba, ingia nayo.